Ghala Atafutiwa Mahali pa Kuzeekea

Ukitaka kusikia watu wanaolijua joto kuliko jua lenyewe, nenda Yuma, jangwani Arizona, mwezi wa pili, asubuhi, uingie kambi ya Ocotillo, uzipite zile trela, nyumba za magurudumu, zilizopangwa mistari, mpaka ufike kwenye benchi la mbele ya chumba cha kufulia. Utawakuta hapo wakihubiri habari za joto, na wote wamevaa sweta. Ni watu ambao kwao, huko kaskazini, huzoa theluji kwa sepeto wakiwa na shati tu, lakini wakikaa jangwani wiki mbili damu inakuwa nyepesi na wanaanza kutetemeka kwa upepo wa feni. Benchi ni la chuma, lilitoka kwenye uwanja wa besiboli, na kama lilinunuliwa au liliibwa inategemea unamuuliza nani. Juu yake kuna bati la kivuli. Kahawa inatoka kwenye birika kubwa la umeme lililokaa juu ya mashine mbovu ya kukaushia nguo, na ni kahawa ya watu wa kwao, nyepesi kiasi kwamba ukiinamia kikombe unaona chini. Wanainywa hivyo hivyo, na wanaisifu. Hufika kila Novemba wakiikimbia baridi, na mtu akishashuka garini tu, tayari ni mtaalamu wa jangwa.

Asubuhi hiyo Delmar Haugen alifika kijiweni akiwa na shida ya kweli, jambo ambalo pale halikuwa la kawaida.

Walimwita Ghala, kwa kuwa alisimamia ghala la ngano huko Dakota Kaskazini tangu nywele zake zikiwa nyingi mpaka zilipokwisha. Mkewe, Arlys, aliteleza kwenye barafu mwaka uliopita akienda kuangalia sanduku la barua, akavunjika nyonga, na tangu siku ile akasema barafu hataikanyaga tena. Kama Delmar anaipenda sana, akaioe. Basi nyumba ya kaskazini wakaiuza. Kilichobaki ni kuchagua mahali pa kuzeekea, huku huku jangwani, mwaka mzima, mpaka Mungu atakapowachukua. Na kazi ya kuchagua Arlys alimtupia mumewe.

— Miaka yote nachagua mimi, unalalamika wewe, alimwambia asubuhi ile akivaa kofia ya kuogelea. — Leo chagua wewe, nilalamike mimi. Ofisi wanataka jibu la ile trela ya jirani na Norbert kabla ya chakula cha mchana, la sivyo wanawapa watu wengine. Nikitoka majini nikute umeamua.

Akachukua fimbo yake, akaenda bwawani kwa wanawake wenzake kufanya mazoezi ya viungo.

Kuna jambo moja Delmar hakumwambia. Joto hakuliogopa. Aliogopa kitu kingine, na alikuwa anaona haya kukitamka. Kule kwao, ofisini pale ghalani, kulikuwa na meza ya kahawa. Zamani ilijaa wanaume mpaka wengine wanakunywa wamesimama. Kisha wakaanza kwenda, huyu kaburini, yule kwa binti yake mjini, na vuli iliyopita Delmar alikunywa kahawa na redio. Kila asubuhi, yeye na redio. Hakutaka tena. Alitaka kuzeekea mahali penye watu, basi, na mtu mzima aliyelea watoto na kuwaoza anaanzaje kusema kitu kama hicho mbele za watu?

Alikaa mahali pake. Kwenye benchi lile kila mtu ana mahali pake, na ukikaa pa mwenzako utasikia habari zako mpaka jioni.

— Ghala, mbona uso umekunjamana hivyo? akauliza Meno. — Umekunywa kahawa kali?

Meno ni Norbert Pfeifer, mtengeneza jibini mstaafu wa Wisconsin. Alivuka mpaka kwenda Mexico, akarudi na meno mapya meupe kuliko friji, na tangu siku hiyo anatabasamu hata msibani.

— Nimeambiwa nichague pa kukaa, akasema Delmar. — Leo. Kabla Arlys hajatoka bwawani.

— Pa kukaa leo?

— Pa kukaa mpaka nife.

— Ahaa! akasema Kamishna, akaisukuma kofia nyuma. — Hapo umekuja kwa wenyewe.

Kamishna jina lake Gaylord Tveit. Alikuwa akipanga zamu za mabasi ya shule huko Minnesota, ila ukimsikiliza utadhani alipanga majeshi. Kando yake alikaa LaVonne Klassen kutoka Manitoba, kule Canada, ambaye wote walimwita Mama Kokoto kwa sababu ambazo atazieleza mwenyewe, tena bila kuulizwa.

— Sasa hapo kuna nini cha kuchagua? Meno akawahi. — Ni Yuma! Ni hapa hapa! Mzee mwenzangu, kwa umri wetu mtu hachagui mji. Anachagua daktari wa meno. Hapa unaendesha kidogo tu umefika mpakani, unaegesha, unavuka kwa miguu, unarudi na meno, miwani na dawa ya presha, na mkononi umeshika taco, ile chapati yao ya nyama.

— Hiyo taco unaitafuna na meno yapi? akauliza Mama Kokoto. — Hayo hayo waliyotoka kukugongelea?

— Unatafuna upande mmoja.

— Lakini mimi meno yangu ni mazima, akasema Delmar.

— Kwa sasa! Nani kakwambia yatabaki mazima? Halafu si meno tu. Mimi nimeshapanga. Siku nikizidiwa, mnanisukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka ng'ambo. Alhamisi wananiwekea moyo mpya, Ijumaa niko hapa nakunywa kahawa.

— Moyo? Pale sokoni?

— Nyuma ya duka la vikapu. Kuna jamaa yangu pale.

— Jamaa wa moyo?

— Wa magoti. Lakini mikono anayo, na tunafahamiana.

Kamishna alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Akajifuta na mkono wa sweta.

— Ghala, ukimfuata huyu utazikwa na goti la mbuzi kifuani. Nisikilize mimi. Jangwa ni kimo. Kimo, bwana! Kila ukipanda unapoa. Nenda zako Prescott, milimani huko, kuna misonobari, usiku unajifunika blanketi.

— Penye misonobari si jangwa, akasema Mama Kokoto.

— Ni jangwa lenye adabu.

— Hebu subiri, akasema Meno, na ungemjua ungejua kuwa hapo ndipo anapokuwa hatari, akianza kufikiri. — Hewa ya moto si hupanda juu? Tulifundishwa shuleni. Sasa joto lote hili la Yuma likipanda, linakwenda wapi? Si linakwenda huko huko kwako Prescott?

Kamishna akaivuta kofia mbele. Jibu lilikuwepo, alilijua lipo, lakini halikuja, na kushindwa na mtu wa jibini mbele ya kadamnasi ni jambo asiloliweza. Akageuza hoja.

— Basi chini.

— Chini wapi?

— Chini ya ardhi! Nendeni kusini kwenye miji ya shaba. Migodi imefungwa, mashimo yamebaki bure tu. Mle ndani ubaridi ni ule ule mwaka mzima. Huwashi kiyoyozi. Jua halikuoni. Majirani hawakusikii. Unaingiza kitanda, unaweka taa, unaweka na mlango, umemaliza.

— Mzee, akasema Mama Kokoto taratibu, — hicho kitu unachokieleza kina jina. Kinaitwa kaburi.

— Kaburi halina mlango.

— Hiyo ndiyo tofauti?

— Hiyo ndiyo tofauti! Na taa.

Delmar aliangalia upande wa bwawa. Aliusikia muziki wa mazoezi na sauti ya yule mwalimu akiwahimiza akina mama wainue magoti. Hawajamaliza. Bado alikuwa na nafasi ya kupata ushauri, kama hayo aliyokuwa akiyapata unaweza kuyaita ushauri.

— Nyamazeni sasa, Mama Kokoto akasema, akajiweka sawa. — Muongee na mtu aliyewahi kukaa kwenye mji wa wastaafu. Mji kamili, si kambi ya magurudumu. Kule karibu na Phoenix. Kijana haruhusiwi kununua hata banda. Usiku kimya. Barabara safi.

— Si huko walikokufukuza kwa ajili ya kokoto? akauliza Meno, akitabasamu kwa meno yake yote.

— Hawakunifukuza. Nilihama kwa hiari yangu baada ya kulazimishwa. Ghala, wewe sikiliza uone kama nina kosa. Kule hakuna majani mbele ya nyumba, ni kokoto. Mimi nikamwaga kokoto zangu, nzuri, zina wekundu kidogo. Kamati ikasema rangi hiyo ni ya nyama ya samaki wa samoni, kanuni inataka rangi ya mchanga. Nikawauliza, mchanga wa wapi? Maana mchanga nao una rangi zake. Wakaja watatu kwenye kigari cha gofu, na kijiko.

— Kijiko cha nini?

— Cha kuchotea sampuli!

— Loh.

— Lakini sikufichi, ule mji ni mji. Kila mtu ana kigari chake cha gofu, unakwenda nacho dukani, unakwenda nacho kanisani. Bwawa la kuogelea wanalipasha moto.

— Jangwani wanapasha bwawa moto? akauliza Delmar.

— Sasa ulitaka mtu aingie kwenye maji ya baridi? Na nikupe siri yake, nakupa bure. Usitazame nyumba. Tazama majirani. Chagua mtaa ambao kila mtu ni mzee kuliko wewe. Mimi kushoto nilikuwa na wa miaka tisini, kulia wa miaka tisini na kitu. Walikuwa wananiita binti! Binti, njoo utufungulie chupa hii ya achari. Sijawahi kuwa kijana maishani mwangu kama nilivyokuwa kule.

— Na wakifa?

— Wanakuja wengine. Wa miaka tisini hawamaliziki, bwana.

— Kwetu walimalizika, akasema Delmar.

Alilisema kwa sauti ya chini, na mara moja akatamani angelimeza. Meno aliangalia kikombe chake, Kamishna akakuna goti. Kisha Delmar mwenyewe akawaokoa, akauliza lile swali ambalo kila mgeni wa jangwa huuliza.

— Na joto lenyewe je?

— Joto kavu! wakajibu wote watatu kwa pamoja.

Hilo ndilo jambo pekee ambalo kijiwe kile kinakubaliana. Unaweza kumtukana mama wa mtu ukasamehewa, lakini ukisema joto la Arizona ni baya utahamishwa benchi.

— Joto baya ni la unyevunyevu, Kamishna akafafanua. — La huku halina madhara. Linakukausha tu.

— Nyama ya kulungu nayo tunaikausha hivyo hivyo, akasema Delmar.

— Na inakaa miaka na miaka! Umeona sasa?

— Julai hapa, akasema Meno, — usukani wa gari unaushika kwa glavu za jikoni. Kuku hawatagi, wanatoa mayai yameshachemka.

— Ndege hawaruki, wanakwenda kwa miguu, Mama Kokoto akaongeza, — na wanatembea upande wenye kivuli.

— Nge wenyewe, akasema Kamishna, — wanabisha hodi. Wanaomba kuingia penye kiyoyozi.

— Na nyote mnapaona pazuri, akasema Delmar.

— Ni joto kavu!

Meno akasogea, akamshika bega. Alikuwa na mikono minene yenye joto, mikono ya mtu aliyekanda jibini maisha yake yote, na alipoacha mzaha sauti yake ilikuwa nzuri kuisikia.

— Ghala, waache hawa na mashimo yao na kokoto zao. Ile trela ya jirani yangu ni nzuri, paa halivuji, shemeji ataipenda. Chukua, bwana. Sisi si tupo? Asubuhi unafungua mlango, hatua mbili tatu, kahawa hii hapa. Ukiumwa tunakuja kukuona. Ukifa, angalau utazikwa na watu wanaojua kwamba ulikuwa mbishi. Unataka nini zaidi?

*Sisi si tupo.* Neno lilimwingia Delmar mpaka kwenye mifupa. Ndilo alilokuwa analitafuta tangu vuli, na hapa mtu kamtolea bila kuombwa, katikati ya upuuzi wa migodi na vijiko. Macho yalimwasha kidogo, akasingizia vumbi. Akatoa simu mfukoni, akaanza kutafuta namba ya ofisi.

Ndipo akatoka mama mmoja ndani ya chumba cha kufulia, amekumbatia kikapu cha nguo zilizolowa. Alikuwa mrefu, mvi amezikata fupi, amevaa viatu vya kiume vya kazi. Hakuna aliyemfahamu. Aliweka kikapu chini, akajifuta mikono.

— Samahani, akasema. — Ofisini wameniambia jambo lolote la hapa niwaulize ninyi. Wamesema mnajua kila kitu.

— Hawajakudanganya, akasema Kamishna, akivuta tumbo ndani. — Uliza tu, mama.

— Julai hapa hukaa nani?

— Hapa wapi?

— Hapa. Kwenye benchi hili.

Kamishna akamtazama Meno, naye Meno akamtazama Mama Kokoto, aliyekuwa akitazama kucha zake.

— Watu, akasema Meno.

— Watu gani?

— Wale… wanaokaa.

— Lazima watakuwepo, Kamishna akaingilia. — Kambi haiwezi kukaa bila watu. Mimi binafsi Julai ninakuwa ziwani, nina mashua yangu, samaki hawangoji. Lakini Meno hapa…

— Mimi? Mimi Julai niko Wisconsin! Mahindi mabichi yanaanza kutoka, wajukuu wamefunga shule. Nilidhani Mama Kokoto ndiye…

— Sheria ya Canada hainiruhusu, akasema Mama Kokoto haraka. — Nikikaa nje mno bima ya matibabu inakatika. Ningependa sana kubaki. Sana.

— Sana, akasema Delmar.

— Sana, Ghala, kweli tena.

— Hakuna kati yenu aliyewahi kuiona Julai ya hapa? akauliza yule mama. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza tu.

— Mimi Mei nimewahi kuiona! akasema Meno. — Gari lilinigomea, nikachelewa mpaka Mei ikaanza. Akatikisa kichwa akikumbuka. — Mbwa alikataa kukanyaga lami. Tulimbeba.

— Na hiki kivuli? mama akauliza, akionyesha bati. — Julai saa kama hizi bado kinafika kwenye benchi, au jua linapita upande mwingine?

Wote wakainua vichwa kulitazama bati ambalo wamekaa chini yake miaka kwa miaka. Kamishna akanyoosha kidole kuonyesha linakopita jua la kiangazi. Akakihamisha. Akakirudisha. Mwisho akakitia mfukoni.

— Nimenunua ile trela ya mwisho, karibu na ukuta, akasema mama. — Kwangu Duluth, kaskazini kule, nimeuza kila kitu, mume wangu alishatangulia, sina pa kurudi. Kila ninayemuuliza ananihadithia joto. Joto nitaliona mwenyewe, sina haraka nalo. Mimi nilitaka kujua nitakunywa kahawa na nani.

Delmar alihisi kama ameguswa mahali penye kidonda. Kumbe linasemeka! Mtu anasimama na kikapu chake cha nguo, analisema mbele ya watu asiowajua, na mbingu haianguki. Akaweka simu kwenye goti. Akamgeukia Meno.

— Si umeniambia mpo?

— Tupo, bwana! Tupo mpaka Aprili.

— Aprili.

— Mwanzoni mwanzoni. Lakini Novemba hii hapa, tumerudi! Hutajua hata kama tuliondoka.

— Uliponiambia nitazikwa na watu wanaonijua, ulimaanisha nife kati ya Novemba na Aprili?

— Sasa Ghala, usilichukulie hivyo…

Hasira zilimpanda Delmar, na sehemu kubwa ya hasira zile ilimrudia mwenyewe. Yeye naye si alikuwa anaondoka nao kila Aprili? Wanafuatana barabarani, wanapigiana honi, wanasimama kula pamoja njiani. Hata siku moja hakuwahi kutazama nyuma aone benchi linabaki na nani. Yeye, mtu aliyekataa ngano ya watu maisha yake yote mpaka atie mkono mpaka chini ya gunia, alikuwa karibu kununua mahali ambapo amepaona juu tu. Aliona aibu, akaumia, na akatamani kucheka, vyote kwa pamoja.

Kamishna aliinuka kuongeza kahawa. Akabonyeza birika. Birika likakohoa, likatema povu, basi.

— Imekwisha, akasema, kwa sauti ya mtu aliyepewa msamaha wa rais.

Haijapata kutokea kijiwe kile kikatawanyika haraka hivyo. Kamishna alikumbuka kwamba ameacha bomba linavuja. Meno alikumbuka kwamba magurudumu ya trela yake hayajatiwa grisi tangu Novemba, akaondoka nusu mbio, kwa mara ya kwanza hatabasamu. Mama Kokoto alikuwa wa mwisho. Alisimama nyuma ya Delmar, akamwinamia.

— Kule mjini kwangu Julai wapo, akamnong'oneza. — Wa miaka tisini hawasafiri. Nyumba bado zinapatikana, nakwambia kweli.

— Wewe ungerudi kule?

— Mimi? Na ile kamati? Thubutu!

Naye akaenda zake.

Benchi likabaki na Delmar. Yule mama alisimama kidogo, kisha akakaa, akiiegemea nguzo ya bati. Ni mahali pa Meno pale, hajawahi kukaa mtu mwingine, hata kasisi alipokuja kutembea alionyeshwa pa kukaa. Mama aliona namna Delmar alivyomtazama.

— Nimekaa pa mtu?

— Pa mtu mpaka Aprili, akasema Delmar. — Halafu pako.

Mama akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kizito, cha mtu ambaye hajacheka karibuni. Wakakaa. Nguo zilikuwa zinadondosha maji kikapuni na mama hakuonekana kuwa na haraka ya kwenda kuzianika.

— Nimekufukuzia watu, akasema baadaye. — Sikukusudia. Na wewe unaondoka lini?

Delmar alitazama simu gotini. Kabla hajajibu, alisikia fimbo ya Arlys kwenye lami. Alikuwa anakuja polepole, taulo mabegani, nywele zimelowa, nyonga ile ikimvutia upande. Akasimama mbele ya benchi, akaangalia nafasi zilizo wazi.

— Haya, akasema. — Wataalamu wamekuchagulia wapi?

— Mexico, kwenye mgodi, na mahali ambapo kokoto zinapimwa kwa kijiko.

— Na wewe umechagua wapi?

— Hapa.

Arlys akashusha pumzi ndefu.

— Kwa ajili ya Norbert? Delmar, Norbert anaondoka Aprili.

— Ulijua?

— Nani asiyejua? Mwaka jana si tulikuwa nyuma yake mpaka Nebraska, ukilaani anavyoendesha? Nilikuwa nangoja ukumbuke mwenyewe.

— Basi nimekumbuka. Si kwa ajili ya Norbert. Akaonyesha kwa kidevu upande wa nguzo. — Ni kwa ajili ya huyu. Anakaa hata Julai. Hana wa kunywa naye kahawa.

Yule mama aliacha kuegemea, akakaa wima, akawatazama wote wawili. Arlys naye alimtazama, akamtazama mumewe. Mtu huyu, tangu amemwoa, hajawahi kuchagua hata supu hotelini. Huagiza anachoagiza Arlys kisha analalamika. Leo kachagua mahali pa kufia.

— Ni nani? akauliza.

— Sijui, akasema Delmar. — Sijamuuliza jina.

Arlys alifungua mdomo kulalamika, maana ndiyo yaliyokuwa makubaliano. Kisha akalaza fimbo chini ya benchi, akajishusha polepole, akakaa katikati yao, na maji ya bwawani yakaanza kumchuruzika mpaka kwenye chuma.

— Basi muulize, bwana, akasema.